Ini na mirija ya nyongo katika ugonjwa wa seliaki

Matatizo ya ini na mirija ya nyongo katika ugonjwa wa seliaki ni hali mbalimbali zinazolipata ini, mfuko wa nyongo au mirija ya nyongo ya mtu mwenye seliaki. Seliaki ni ugonjwa ambao utumbo mwembamba huharibika mgonjwa anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano). Ingawa seliaki hujulikana zaidi kama ugonjwa wa tumbo, ini ni miongoni mwa viungo vya nje ya utumbo vinavyoathirika mara nyingi.

Hali hizo hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni madhara yanayoletwa na seliaki yenyewe. Kwa kawaida huwa madogo na hupona mgonjwa anapoacha kula gluteni. Kundi la pili ni magonjwa ya ini yanayojitegemea, ambayo huwapata wenye seliaki mara nyingi kuliko watu wengine. Magonjwa hayo hayaponi kwa kubadili chakula peke yake, bali yana dawa zake. Kutofautisha makundi haya mawili ni muhimu kwa sababu ini lililoonekana kushindwa bila sababu linaweza kupona kwa chakula, na kinyume chake mgonjwa anayehitaji dawa anaweza kupoteza miaka akitegemea chakula tu.

Uhusiano wa utumbo na ini

Seliaki hupata takriban 1% ya watu duniani, ingawa wengi wao hawajui kwamba wanao ugonjwa huo. Karibu wagonjwa wote wana jeni zinazoitwa HLA-DQ2 au HLA-DQ8, lakini watu wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe. Kwa mgonjwa, mfumo wa kinga huichukulia gluteni kama adui na wakati huohuo hushambulia mwili wenyewe. Hutengeneza kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha mwili kiitwacho transglutaminasi. Matokeo yake, vijidole vidogo vinavyofunika ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba husinyaa, na chakula hakifyonzwi vizuri.

Utumbo na ini vimeunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni damu: karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza katika ini, kupitia mshipa mkubwa uitwao vena porta, kabla ya kurudi kwenye moyo. Kwa hiyo chochote kinachovuka ukuta wa utumbo hufika kwenye ini mapema. Ya pili ni nyongo: ini hutengeneza nyongo, nayo hupita katika mirija, huhifadhiwa katika mfuko wa nyongo, kisha humwagwa katika duodeni ili kusaidia kusaga mafuta. Duodeni, yaani sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, ndiyo hasa inayoharibiwa zaidi na seliaki.

Historia

Maelezo ya kisasa ya seliaki yaliandikwa na daktari Mwingereza Samuel Gee mwaka 1888. Gee alitambua kwamba mgonjwa akipona, atapona kwa njia ya chakula, lakini hakujua ni chakula gani kilichodhuru. Jibu lilitolewa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1950 alionyesha kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru watoto wenye ugonjwa huo.

Kwa muda mrefu ini halikupewa uzito katika ugonjwa huu. Mwaka 1977 madaktari wa Sweden walichapisha katika jarida la The Lancet taarifa kuhusu wagonjwa watu wazima 74, ambapo karibu 4 kati ya kila 10 walikuwa na vipimo vya ini visivyo vya kawaida. Mwaka 1995 watafiti wa Italia walipata matokeo yanayolingana: kati ya wagonjwa 158, wapatao 67 walikuwa na vimeng'enya vya ini vilivyopanda, na kwa walio wengi vilirudi katika kiwango cha kawaida walipoacha gluteni.

Mwaka 2002 watafiti wa Finland walieleza habari za wagonjwa wanne wenye ugonjwa mkali wa ini, watatu kati yao wakiwa wamepelekwa kufikiriwa kwa upandikizaji wa ini. Wote walikutwa na seliaki, na hali ya ini iliboreka walipoanza kula chakula kisicho na gluteni. Watafiti haohao waliwapima watu 185 waliokwisha kupandikizwa ini, wakakuta 8 kati yao, yaani 4.3%, wana seliaki. Kiwango hicho ni kikubwa kuliko kile cha watu kwa jumla. Tangu hapo madaktari wengi hukubali kwamba mgonjwa wa ini ambaye chanzo cha ugonjwa wake hakijulikani apimwe seliaki pia.

Namna ini linavyodhurika

Utaratibu wenyewe haujaeleweka kikamilifu, lakini sababu kadhaa hutajwa pamoja.

Kwanza, ukuta wa utumbo ulioharibika hupitisha vitu ambavyo kwa kawaida huzuiwa, kama vile vipande vya bakteria na vya chakula. Vitu hivyo hubebwa na vena porta hadi kwenye ini na kuamsha uvimbe. Ukuta ukipona, upenyaji huo hupungua, na hiyo inaeleza kwa nini ini hupata nafuu baada ya gluteni kuachwa.

Pili, kingamwili dhidi ya transglutaminasi zimekutwa ndani ya ini la baadhi ya wagonjwa, jambo linaloonyesha kwamba shambulio la kinga halikomi kwenye utumbo.

Tatu ni utapiamlo. Mwili usiopata protini ya kutosha hushindwa kuyatoa mafuta kwenye ini, kama inavyoonekana kwa watoto wenye kwashakoo. Mgonjwa wa seliaki ambaye utumbo wake haufyonzi chakula kwa muda mrefu anaweza kufikia hali hiyo hata kama sahani yake imejaa.

Nne ni urithi. Baadhi ya jeni zinazoandaa mwili kwa seliaki hurithiwa pamoja na jeni zinazoandaa mwili kwa magonjwa mengine ambayo kinga hujishambulia, yakiwemo yale ya ini, tezi ya shingo na kisukari cha aina ya kwanza.

Homa ya ini ya seliaki

Hili ndilo tatizo la kawaida zaidi. Vimeng'enya vya ini viitwavyo ALT na AST hupanda katika damu, mara nyingi kidogo tu, na mgonjwa hasikii chochote upande wa ini. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban 27% ya watu waliogunduliwa karibuni kuwa na seliaki walikuwa na vimeng'enya vilivyopanda. Kwa upande mwingine, kati ya watu waliokuwa na vimeng'enya vya juu bila sababu kujulikana, takriban 4% walithibitika kuwa na seliaki.

Kipande cha ini kikiangaliwa kwa hadubini, huonekana uvimbe mdogo usio na sura maalumu, na wakati mwingine mafuta kidogo. Hakuna alama moja inayosema kwamba huu ni ugonjwa wa seliaki. Uthibitisho mara nyingi huja baadaye: mgonjwa anapoacha gluteni, vipimo hurudi katika hali ya kawaida kwa wengi ndani ya miezi 6 hadi 12. Visiposhuka baada ya mwaka mmoja, ama mgonjwa bado anakula gluteni, kwa kujua au kwa kutojua, ama kuna ugonjwa mwingine wa ini.

Mara chache uharibifu huwa mkubwa na kufikia sirosisi, yaani hali ambayo ini hujaa makovu na kushindwa kufanya kazi yake.

Magonjwa ya ini ambayo kinga hujishambulia

Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia watu zaidi ya 13,000 wenye seliaki, ulionyesha kwamba hatari ya kupata magonjwa mbalimbali ya ini ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Magonjwa matatu yanayohusishwa na kinga kujishambulia hutajwa zaidi.

Homa ya ini ya kinga kujishambulia ni ugonjwa ambao kinga huziharibu seli za ini zenyewe. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na unaweza kuanza utotoni. Vimeng'enya huweza kupanda sana, na bila matibabu ini huweza kufikia sirosisi. Hutibiwa kwa dawa za kutuliza kinga, hasa prednisoloni na azathioprini.

Kolangitisi ya msingi ya nyongo, kwa kifupi PBC, huharibu mirija midogo ya nyongo iliyomo ndani ya ini. Wagonjwa wengi ni wanawake wa umri wa kati. Dalili za mwanzo ni uchovu na muwasho wa ngozi, na kingamwili dhidi ya mitokondria huonekana katika damu. Hadi mwaka 2015 ugonjwa huu uliitwa sirosisi ya msingi ya nyongo. Jina lilibadilishwa kwa kuwa wagonjwa wengi hawana sirosisi. Katika utafiti wa Sweden uliotajwa, hatari ya PBC kwa wenye seliaki ilikuwa takriban mara 10 ya ile ya watu wengine. Dawa ya kwanza ni asidi ya ursodeoksikoli.

Kolangitisi ya makovu, kwa kifupi PSC, hupata mirija mikubwa na midogo. Mirija huvimba, huota makovu na kuziba hapa na pale. Huwapata wanaume zaidi, na wengi wao wana pia uvimbe sugu wa utumbo mpana. PSC huongeza hatari ya saratani ya mirija ya nyongo, na hakuna dawa iliyothibitika kuizuia isiendelee. Baadhi ya wagonjwa hatimaye huhitaji kupandikizwa ini.

Katika PBC na PSC, kuacha gluteni huponya utumbo lakini kwa kawaida hakubadili mwenendo wa ugonjwa wa mirija. Hata hivyo mgonjwa bado anapaswa kuiacha, kwa sababu utumbo unaofyonza vizuri humsaidia kupata vitamini na kuzuia mifupa kudhoofika. Ugonjwa wa mirija na seliaki vyote viwili huidhoofisha mifupa.

Mafuta katika ini

Wenye seliaki hupata mafuta katika ini kwa sababu mbili zilizo karibu kinyume. Kabla ya kutambuliwa, sababu huweza kuwa utapiamlo, kama ilivyoelezwa hapo juu. Baada ya kuanza tiba, utumbo hupona na kufyonza chakula chote, na mgonjwa huanza kunenepa. Baadhi ya vyakula vya viwandani visivyo na gluteni vina sukari na mafuta mengi lakini nyuzinyuzi chache. Uzito ukizidi, mafuta hurudi kwenye ini kwa njia nyingine. Kwa hiyo vimeng'enya vikipanda tena baada ya miaka kadhaa ya chakula sahihi, uzito na sukari ya damu ni mambo ya kuangaliwa.

Mfuko wa nyongo

Mafuta yanapoingia katika duodeni, seli za ukuta wake hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo huuamuru mfuko wa nyongo ujikamue. Kwa mgonjwa wa seliaki ambaye hajatibiwa, ukuta huo umeharibika na homoni hutoka kidogo. Mfuko hujikamua kwa uvivu, nyongo hukaa muda mrefu, na mafuta ya chakula hayasagwi vizuri, jambo linalozidisha kuhara choo chenye mafuta. Ukuta wa utumbo ukipona, mfuko kwa kawaida hurudia kazi yake.

Dalili

Watu wengi hawana dalili yoyote ya ini, na tatizo hugunduliwa kwa kipimo cha damu kilichofanywa kwa sababu nyingine. Baadhi huwa na dalili za seliaki: kuhara kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, au mtoto kudumaa.

Dalili zinazoonyesha kwamba ini au mirija imeathirika zaidi ni:
- macho na ngozi kugeuka manjano;
- mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, na choo kuwa cheupe;
- muwasho wa mwili mzima bila upele;
- tumbo au miguu kujaa maji;
- kutapika damu au kuchanganyikiwa.

Mtu mwenye dalili hizi anahitaji kufika hospitali bila kuchelewa, na mbili za mwisho ni za dharura.

Vipimo

Kipimo cha kwanza cha seliaki ni damu, ambapo hutafutwa kingamwili za aina ya IgA dhidi ya transglutaminasi pamoja na kiwango cha IgA yote. Kwa watu wazima uthibitisho kwa kawaida hufanywa kwa kuingiza kamera kupitia mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya duodeni. Vipimo hivi hufanywa mgonjwa akiwa bado anakula gluteni. Anayeiacha mapema kwa kushuku tu huweza kupata majibu yasiyoonyesha ugonjwa, na baadaye ikawa vigumu kujua ukweli.

Ugonjwa wa ini wenyewe unaweza kuchanganya majibu. Watu wenye ugonjwa sugu wa ini wakati mwingine huonyesha kingamwili hizo bila kuwa na seliaki, na ndiyo maana kipande cha duodeni kina uzito mkubwa kwao.

Seliaki nayo huweza kuiga ugonjwa wa ini katika vipimo vitatu. Damu huweza kuchelewa kuganda kwa sababu vitamini K haikufyonzwa, wala si kwa sababu ini limeshindwa. Albumini huweza kushuka kwa sababu ya utapiamlo. Kimeng'enya cha fosfatasi alkali huweza kupanda kutokana na mifupa iliyokosa vitamini D, wala si kwa kuziba kwa mirija. Katika hali hii ya mwisho, kimeng'enya cha GGT husaidia kutofautisha, kwani hupanda katika ugonjwa wa mirija lakini si katika ugonjwa wa mifupa.

Ultrasaundi huonyesha mafuta, mawe na upana wa mirija. PSC huhitaji picha ya mirija inayopigwa kwa mashine ya MRI. Kabla ya kuilaumu seliaki, hutafutwa pia vyanzo vya kawaida zaidi: virusi vya hepatitisi B na C, pombe, dawa za hospitali kama zile za kifua kikuu, dawa za mitishamba, na katika maeneo kama pembezoni mwa Ziwa Viktoria, kichocho cha tumbo.

Matibabu

Msingi wa tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Katika Afrika ya Mashariki vyakula vingi vya asili havina gluteni: ugali wa mahindi, mtama, uwele na ulezi, wali, ndizi, mihogo, viazi, kunde na maharage, pamoja na nyama, samaki, mayai na mboga. Vinavyoachwa ni mkate wa ngano, chapati, maandazi, kaimati, sambusa, tambi, keki, biskuti na bokoboko, pamoja na bia ya shayiri.

Hatari kubwa zaidi ni gluteni iliyojificha. Unga wa lishe huweza kuchanganywa na ngano. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano huacha unga wake katika mahindi yanayofuata. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi hubaki na chembe za ngano. Kwa mgonjwa ambaye vimeng'enya vya ini havishuki, maswali kuhusu mambo haya hutangulia vipimo vipya.

Mgonjwa mwenye homa ya ini ya kinga kujishambulia au PBC huongezewa dawa zilizotajwa hapo juu. Dawa hizo haziachwi kwa sababu tumbo limetulia, kwa kuwa nafuu ya tumbo haimaanishi kwamba ini limepona.

Vimeng'enya vya ini kwa kawaida hupimwa wakati seliaki inapogunduliwa, na vikiwa juu hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12 ya chakula kisicho na gluteni.

Chanjo ya hepatitisi B

Watu wenye seliaki huitikia chanjo ya hepatitisi B kwa udhaifu kuliko wengine, jambo linalohusishwa na jeni ya HLA-DQ2. Suala hili lina uzito barani Afrika, ambako virusi hivyo vimeenea na ni chanzo kikubwa cha sirosisi na saratani ya ini. Nchini Tanzania na Kenya watoto hupata chanjo hiyo ndani ya chanjo ya pentavalenti, lakini kuchanjwa utotoni hakumhakikishii mgonjwa wa seliaki kwamba amekingwa. Kipimo cha damu huonyesha kama kinga ipo, na dozi ya ziada huweza kutolewa. Mwitikio huwa mzuri zaidi mgonjwa akiwa ameacha gluteni.

Hali barani Afrika

Seliaki ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ugonjwa wa Wazungu. Dhana hiyo ilipingwa na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto Wasahrawi waliokuwa katika kambi za wakimbizi nchini Algeria, ambapo 5.6% walikutwa na seliaki. Hicho ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa duniani. Ugonjwa huonekana pia Afrika ya Kaskazini, Mashariki ya Kati na Uhindini, ambako ngano ni chakula cha kila siku.

Kusini mwa Sahara wagonjwa walioandikwa ni wachache. Chakula cha mahindi, mtama na mihogo ni sababu mojawapo inayotajwa, na uchache wa vipimo ni nyingine. Matumizi ya mkate, chapati na tambi yanaongezeka mijini, na Waswahili wanaoishi Omani, Ulaya au Amerika ya Kaskazini hula ngano kwa wingi zaidi. Pale ambapo hepatitisi B, pombe na kichocho ndiyo majibu ya kwanza kwa kila ini lenye shida, seliaki inaweza kupita bila kutafutwa, ingawa ni miongoni mwa vyanzo vichache vya ugonjwa wa ini vinavyoweza kutibika jikoni.